Dakika Arobaini za Mazoezi na Saa Zote Zilizobaki: Mwongozo wa Kumlea Mtoto Mwenye Mtindio wa Ubongo

Siku ya tatu ya mazoezi, yule dada alinirudishia mwanangu mapajani, akakunja mikono. "Leo simgusi, mama. Leo nakuangalia wewe." Nilikasirika. Nilikuwa nimetoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri, nimepanda daladala mbili na mtoto aliyekakamaa kama ubao begani, nimekaa kwenye benchi hadi kiuno kinauma, halafu mtaalamu ananiambia hagusi! Nilidhani ananidharau. Karibu mwaka ulipita ndipo nikaelewa kuwa siku ile ndiyo niliyopewa tiba yenyewe.

Piga hesabu. Mazoezi ni mara moja kila baada ya wiki mbili, dakika kama arobaini, na humo toa muda wa kumvua nguo na kumbembeleza. Katika wiki hizo hizo mbili mtoto huwa macho zaidi ya saa mia moja na hamsini, analishwa, anaogeshwa, anabebwa, anakalishwa. Namna anavyoshikwa katika saa hizo ndiyo inayomnyoosha au kumkunja. Mtaalamu kazi yake kubwa ni kukufundisha wewe. Ukienda kliniki kama mtu anayepeleka redio kwa fundi, ukae nje usubiri irudi ikiwa nzima, utachoka na mtoto atabaki palepale.

Ninayoandika nimeyapata kwa kumlea mtoto mwenye mtindio wa ubongo (cerebral palsy), yaani ubongo ulioumia mapema hadi misuli haimtii vizuri. Sasa ana miaka mitano. Mengi yanamfaa pia mtoto aliyechelewa kwa sababu nyingine. Lakini watoto hawafanani, kwa hiyo kila zoezi la hapa mwoneshe kwanza anayemhudumia wako.

Hatua ya kwanza: usisubiri "ataanza tu"

Kila ukoo una mjomba aliyetembea akiwa na miaka mitatu na leo ni dereva wa lori. Mjomba huyo amewachelewesha watoto wengi.

Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani kuona wanafikia hatua zao lini. Karibu wote walikuwa wanakaa bila kushikiliwa kabla ya kupita miezi 9 na siku chache, na kutembea wenyewe kabla ya kufika miezi 18. Kutambaa ndiko kulikotofautiana: wachache hawakutambaa kabisa na wakatembea vizuri. Kwa hiyo mtoto asiyetambaa peke yake asikutie hofu. Asiyekaa akiwa na miezi 9 mpeleke akaangaliwe.

Dalili nyingine huonekana mapema zaidi. Shingo bado inaanguka nyuma baada ya miezi minne. Ngumi zimefungwa muda wote baada ya umri huohuo. Mkono mmoja ndio unaofanya kila kitu kabla ya mwaka, na watu wanafurahi kwamba mtoto ni wa kushoto, kumbe ule wa kulia ni dhaifu. Miguu inapishana kama mkasi ukimsimamisha. Kwa upande wa mawasiliano: haiti "ba-ba-ba" wala kuonesha kitu kwa kidole akiwa na mwaka, hana neno hata moja akikaribia mwaka na nusu, haunganishi maneno mawili akiwa na miaka miwili. Na katika umri wowote, mtoto aliyekuwa anaweza jambo kisha akalipoteza asisubiri kliniki ya mwezi ujao.

Mtoto njiti hesabu umri wake kuanzia tarehe aliyotakiwa kuzaliwa, hadi afikishe miaka miwili. Aliyewahi kwa miezi miwili, akiwa na miezi 9 mpimie hatua za miezi 7.

Hatua ya pili: andika historia kabla ya kwenda

Daktari atakuuliza mambo yaleyale kila mara, nawe ukiwa umechoka utasahau nusu. Chukua daftari la kurasa mia, uandike ukurasa wa kwanza: mimba ilikuwaje, uchungu ulichukua muda gani, alilia papo hapo au alipigwapigwa kwanza, alikaa chumba cha joto siku ngapi, alipata manjano na yalitibiwaje, amewahi kupata degedege, homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Bandika nakala ya kadi ya kliniki. Ukiwa na simu yenye kamera, rekodi sekunde thelathini akijaribu kukaa, akila, akifanya kile kinachokutisha usiku. Mbele ya daktari mtoto hulala au hulia tu. Video ndiyo inayomwonesha.

Maswali hayo hayaulizwi ili ulaumiwe. Kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, uzito mdogo, manjano makali yasiyotibiwa mapema na maambukizi ya ubongo ni sababu zinazojulikana sana za mtindio wa ubongo. Wengine sababu yao haijulikani, hata baada ya vipimo vyote. Mazoezi hayasubiri sababu ijulikane. Tuliambiwa tusubiri picha ya kichwa, na fedha ya picha hiyo tuliitafuta miezi mitano. Miezi hiyo ningeweza kumfundisha kushika shingo.

Vipimo ambavyo usikubali vipite ni viwili: masikio na macho. Mtoto aliyeharibiwa na manjano mara nyingi huharibika usikivu pia, na kuna watoto wanaoitwa wazito wa akili kwa sababu tu hawasikii. Uliza pia kama anahitaji kupimwa tezi ya shingo, kwa kuwa upungufu wa homoni yake huchelewesha mtoto na una dawa.

Kuhusu waganga, sitakuficha, tulikwenda. Mama mkwe alisema mtoto amechezewa, nami nilikuwa tayari kuamini lolote. Tulichanjwa chale, tukaacha mbuzi. Simcheki aliyekwenda. Ninachosema ni kwamba katika wiki zile tulisimamisha dawa ya degedege kwa amri ya mganga, na mtoto akaanguka mara tatu kwa usiku mmoja. Ukienda kuombewa, nenda na dawa yake mkobani, na saa yake ikifika mpe.

Hatua ya tatu: jua nani anafanya nini

Watu wote pale tunawaita "madaktari wa mazoezi", lakini kazi zao ni tofauti. Wa tiba viungo anashughulika na shingo, kukaa, kusimama, kutembea. Wa tiba kazi anashughulika na mikono, kula, kuvaa, kucheza, na viti maalumu. Wa matamshi anashughulika na kuongea, na pia kumeza. Hilo la kumeza wengi hatulijui, tunasema mtoto bado haongei, wa matamshi wa nini? Ni wachache na hawapo kila mkoa, kwa hiyo ukimpata mmoja muulize ya chakula kwanza.

Dar es Salaam wengi tunapitia hospitali ya CCBRT, Msasani, inayofanya kazi za watu wenye ulemavu tangu 1994, au Muhimbili. Kaskazini kuna hospitali ya KCMC, Moshi, ambako pia kuna chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kunyooshea miguu. Kanda ya Ziwa kuna Bugando, Mwanza. Anza lakini na hospitali ya wilaya yako, kwa kuwa barua ya rufaa inapunguza mizunguko, na huenda mtu wa mazoezi yuko hapohapo karibu. Kwa sera ya Tanzania mtoto chini ya miaka mitano hatakiwi kutozwa katika vituo vya umma. Ukiambiwa ulipe nawe huna, tafuta dawati la ustawi wa jamii hospitalini kabla ya kugeuza nyumbani. Ndugu zetu wa Kenya wajue kuwa maelekezo ya zamani ya NHIF, bima ya afya ya kwao, hayafai tena. Tangu Oktoba 2024 kazi hiyo iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA).

Nauli ndiyo inayowatoa watoto kwenye tiba kuliko bei ya tiba. Sema wazi: "Naweza kuja mara moja kwa mwezi tu, nipe ya kufanya nyumbani ya mwezi mzima." Ni afadhali hivyo kuliko kuahidi kila wiki, kukosa mara tatu, halafu kuona aibu kurudi.

Hatua ya nne: jambo moja kwa wakati

Usitoke kliniki bila majibu matatu daftarini: tunafanyia kazi jambo gani, nalifanyaje nyumbani, nitajuaje limefika. "Atembee" ni ndoto njema lakini huwezi kuifanyia kazi Jumatatu. "Akae kwenye mkeka akijishikilia kwa mikono, hadi nimalize kuhesabu ishirini" ndilo la Jumatatu. Kisha fanya lile zoezi mbele ya mtaalamu, akurekebishe. Kuangalia tu hakutoshi, mikono yako ndiyo inayotakiwa kukumbuka.

Uliza swali gumu pia. Kwa kawaida mtoto anayeweza kukaa mwenyewe kabla ya kutimiza miaka miwili ana nafasi nzuri ya kuja kutembea. Ambaye hajaweza, nguvu zenu huenda zikahitajika zaidi kwenye kukaa vizuri, kula, kuwasiliana na kiti cha magurudumu. Mimi nililia siku niliyoambiwa hilo. Baadaye niligundua kuwa nimeacha kumburuta mtoto asimame kwa nguvu, naye ameacha kulia kila anaponiona nimeshika mkeka.

Ubongo uliokwisha umia hauna dawa ya kuuponya, na anayekuuzia mafuta, sindano au dawa ya kuuponya anakuuzia matumaini. Lakini lile jeraha lenyewe haliongezeki. Kinachobadilika ni misuli na maungio, ambayo hukaza kadiri mifupa inavyorefuka.

Hatua ya tano: siku nzima iwe mazoezi

Hapa ndipo penye kazi. Sina saa ya mazoezi nyumbani. Nilijaribu ratiba ya ukutani, ikadumu siku nne. Nilichofanya ni kubadilisha namna ya kufanya mambo ambayo ningeyafanya hata hivyo.

*Kubeba.* Mtoto mwenye miguu ya mkasi usimbebe kama mtoto mchanga, amelala mikononi huku miguu imenyooka. Mpakate ubavuni, miguu ikizunguka kiuno chako, mmoja mbele mmoja nyuma. Mgongoni kwa kanga ni sawa ikiwa miguu imepanuka kukuzunguka na shingo inakaa. Kila ukienda dukani hivyo, nyonga zinanyooshwa bila yeye kujua.

*Kubadilisha nepi na kuvaa.* Usiivute miguu iliyokaza kwa vifundo, kwa kuwa ukivuta inakaza zaidi. Kunja kwanza magoti na nyonga kuelekea tumboni, subiri kidogo, kisha ipanue polepole ukishika mapaja. Nguo anza kuvalisha mkono ulio mgumu, na wakati wa kuvua uwe wa mwisho. Mvalishe akiwa amekaa akikuegemea, mara nyingi kadiri iwezekanavyo, siyo amelala chali. Na mwachie kipande chake: vuta mkono wa shati hadi kiwikoni, amalizie mwenyewe. Inachosha kusubiri. Hesabu hadi kumi moyoni.

*Kuoga.* Maji ya uvuguvugu hulegeza misuli, basi mnyooshe vidole na vifundo papo hapo, taratibu, bila kurusharusha. Taja kila kiungo unapokigusa. Tandika kitambaa chini ya beseni na ndani yake asiteleze.

*Kulala kifudifudi.* Mkeka sakafuni, siyo godoro linalodidimia. Viringisha kanga mbili iwe kama mto mdogo, weka chini ya kifua, mikono mbele. Lala mbele yake akuone usoni. Dakika mbili zinatosha mwanzoni, mara tano kwa siku. Akianza kuchoka mtoe kabla hajalia, ili kesho asiuchukie mkeka.

*Kucheza.* Sijawahi kununua kitu cha mazoezi cha dukani. Chupa yenye punje za mahindi, vifuniko vikubwa vya makopo (vidogo asije akameza), sufuria na mwiko. Weka katikati ya mwili wake ili mikono yote miwili ikutane hapo. Akiwa na mkono mmoja dhaifu, mpe kitu kinachohitaji miwili, kama ndizi ya kumenya. Mazoezi yanayomwingia ni yale anayofanya yeye kwa nia yake. Kukandwa na kunyooshwa tu, yeye amelala, hakumfundishi kutumia mwili.

*Kuongea.* Kabla ya neno kuna kuchagua. Shika ndizi mkono huu, chungwa mkono ule, uliza, kisha nyamaza. Akiangalia moja, hilo ndilo jibu, mpe. Wanaomzunguka wasimjibie. Simu ya katuni humnyamazisha, najua, na kuna siku nimeitumia ili nipike. Ila Shirika la Afya Duniani, 2019, lilishauri mtoto chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Kwa mtoto aliyechelewa kuongea saa hiyo ni ghali.

Chakula, na hapa usiwe na haraka

Watoto wetu wengi hawaugui kwa mtindio wenyewe, wanaugua kifua kwa chakula kilichopita njia ya hewa, na wanadhoofu kwa kuwa kinachoingia ni kidogo. Ukiona kikohozi wakati wa kula, machozi, sauti ya majimaji baada ya kumeza, au nimonia inayojirudia, sema hivyo kliniki kabla ya kusema la miguu.

Usimlishe amelala chali mapajani, wala kumminyia uji mdomoni kwa kiganja, wala kumbana pua ameze. Najua bibi zetu walilisha hivyo. Mtoto asiyejua kumeza vizuri anaweza kufa kwa namna hiyo. Mkalishe wima, nyonga na magoti vimekunjwa, miguu imekanyaga kitu, kichwa kimeinama mbele kidogo. Jaribu mwenyewe kumeza maji huku umeangalia dari, utaelewa. Kaa mbele yake, macho yenu sawasawa, kijiko kitokee chini. Kijiko kidogo, bapa, nusu tu. Kiweke katikati ya ulimi, bonyeza kidogo, subiri midomo ifunge, kisha kitoe moja kwa moja bila kukwangua meno ya juu. Subiri ameze.

Uji mwepesi kama maji ndio mgumu kwao, unakimbia kabla koo halijajiandaa. Uwe mzito wa kudondoka polepole kijikoni. Ongeza nguvu katika kiasi kilekile: karanga za kusaga, yai, mafuta kijiko kimoja, parachichi. Mlo ukizidi nusu saa amechoka, ni bora milo mitano midogo. Akimaliza, akae wima nusu saa nyingine. Kikombe cha plastiki laini kikikatwa ukingo upande mmoja, pua inapata nafasi na hana haja ya kurudisha kichwa nyuma.

Kiti cha kona cha maboksi

Kiti cha hospitali kinaweza kuchelewa au bei ikakushinda. Kutengeneza samani za watoto kwa karatasi na gundi ya unga kulianzia Zimbabwe na hufundishwa sehemu nyingi Afrika. Chemsha unga wa ngano na maji hadi iwe uji wa kunata. Pima mtoto akiwa amekaa: kutoka kalio hadi bega, na kutoka kalio hadi nyuma ya goti. Kata maboksi magumu kwa vipimo hivyo, pande mbili za mgongo zikutane kama pembe ya chumba, na sehemu ya kukalia. Gundisha tabaka juu ya tabaka, mistari ya boksi ikipishana, ukigandamiza kwa mawe usiku kucha. Funika kwa vipande vya gazeti vilivyolowa gundi, anika hadi ukigonga kinalia kama mbao. Mvua ya masika ilinioza cha kwanza, kwa hiyo kipake rangi ya mafuta au varnishi. Pembe ile huleta mabega mbele na mikono inakutana katikati. Weka kitambaa kilichoviringishwa katikati ya mapaja yasipishane, na mkanda mpana wa kitambaa nyongani, siyo kifuani. Nusu saa kwa wakati, halafu mbadilishe.

Degedege likija

Watoto wengi wenye mtindio wana kifafa pia. Mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumgonga, legeza nguo shingoni, tazama saa. Usiweke kijiko wala kidole mdomoni, usimnusishe kitunguu wala mafuta ya taa, usimmwagie maji. Likipita dakika tano, au lingine likija kabla hajazinduka, ni hospitali sasa hivi. Dawa ya kifafa haiachwi ghafla hata akikaa mwaka bila kuanguka. Daktari ndiye anayeipunguza kidogo kidogo. Nunua chupa ya pili kabla ya kwanza kwisha, hasa kabla ya sikukuu.

Hatua ya sita: maumivu, nyonga na vifaa

Mtoto kulalamika kidogo kwa uvivu ni kawaida. Kulia kwa uchungu ni ishara ya kusimama. Mkandaji wa mtaani aliyemkunja mwanangu mguu hadi akapiga yowe alisema damu ndiyo inafunguka. Mguu ulivimba wiki nzima.

Kwa mtoto asiyetembea, uliza kuhusu eksirei ya nyonga hata kama halalamiki. Nyonga huchomoka polepole kimyakimya, na ikigunduliwa mapema yako mengi ya kufanya. Dalili nyumbani ni paja moja kugoma kupanuka kama mwenzake, au mguu mmoja kuonekana mfupi.

Vifaa vya plastiki vya kunyoosha mguu huvaliwa na soksi isiyo na mikunjo. Vua baada ya nusu saa siku za kwanza uangalie ngozi. Wekundu usiotoweka baada ya dakika ishirini maana yake kinabana, rudi kwa fundi. Watoto hukua, kwa hiyo kifaa cha mwaka jana kikivaliwa mwaka huu kinaumiza badala ya kunyoosha.

Hatua ya saba: watu wa nyumbani, nawe mwenyewe

Usiwe mwalimu wa pekee. Mpe kila mtu kipande kimoja. Baba wa kwetu alikuwa mgumu hadi nilipoacha kumhutubia, nikamkabidhi kuoga kwa jioni. Leo ndiye anayejua vidole vipi vimelegea. Bibi alipewa kulisha, baada ya kwenda naye kliniki asikie kwa masikio yake, maana kwangu asingesikia. Kaka mtu anamletea vifuniko. Na jina lake liitwe. Maneno kama zuzu na taahira yazuie mlangoni kwako, hata kwa mgeni mwenye umri.

Mgongo wako una kazi ya miaka mingi. Piga goti kumwinua, usiiname kiuno, na mfundishe mapema kujisukuma au kushikilia shingo yako. Tafuta kina mama wa benchi lenu. Sisi tulianza kwa kubadilishana namba tukapeana zamu za kwenda kuchukua dawa. Kikundi kikisajiliwa, halmashauri za Tanzania hutenga asilimia kumi ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kuanzia.

Hatua ya nane: shule, anza mwaka mmoja kabla

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya 2010 inampa haki ya elimu na inakataza kubaguliwa. Ila usiende shule ukiwa umeishika sheria hiyo kama panga. Nenda Julai, wakati mwalimu mkuu hana foleni ya uandikishaji, na daftari lako la kurasa mia. Mweleze anavyokula, anavyoomba choo, kinachomtisha, kiti gani anakalia. Dar es Salaam baadhi ya shule, kama Uhuru Mchanganyiko, zimezoea watoto wenye ulemavu wakichanganyika na wengine. Mikoani uliza ofisi ya elimu ya wilaya ni shule ipi ina kitengo na mwalimu aliyesomea, wengi wao wamepita Patandi, Arusha. Kenya mlango ni vituo vya tathmini vya EARC, vilivyoanza 1984, ambavyo humpima mtoto na kupendekeza shule inayomfaa, na KISE, taasisi ya elimu maalumu iliyopo Kasarani, Nairobi.

Siku ya kutembelea, usianze na darasa. Omba kuoneshwa choo. Uone kama mlango unaingia kiti, kama kuna kitu cha kushikilia, kama maji yapo, na nani atakayempeleka. Sisi tulikuta tundu la sakafuni tupu, nikarudi na ndoo iliyotobolewa na kigoda kilichogongewa mikono miwili na fundi wa mtaani, nikamwonesha mama wa usafi namna ya kumkalisha. Alijaribu mara mbili mbele yangu, ya pili akapatia.